Nani Anasema "Sisi"? Kuisoma Mikataba ya Wamaasai Kama Fasihi

Mkataba wa Agosti 1904 baina ya Wamaasai na serikali ya Uingereza umesimuliwa kwa nafsi ya kwanza wingi. Sisi tuliotia alama hapa chini, unasema, malaiboni na wakuu wa koo za Wamaasai, tumekutana na Kamishna Sir Donald Stewart, tumelijadili kikamilifu suala la ardhi, na kwa hiari yetu wenyewe tumeamua kwamba ni kwa manufaa yetu kuwahamisha watu wetu na mifugo yetu mbali na reli, na mbali na ardhi yoyote itakayofunguliwa kwa walowezi wa Kizungu. Hapo nimefupisha kwa Kiswahili changu, lakini mwendo wa sentensi ndio huo.

Hebu isome tena kama unavyosoma ukurasa wa kwanza wa riwaya. Wafugaji wenye Bonde la Ufa, wenye malisho ya Naivasha na Nakuru na maji ya maziwa hayo, wanakaa kikao, wanatafakari, kisha wanafikia uamuzi kwamba kitu bora kabisa kwao ni kuondoka. Na sababu yao? Eti ardhi hiyo huenda ikahitajiwa na watu wengine. Hakuna mhariri wa hadithi fupi ambaye angeliacha hilo lipite. Angeandika pembeni kwa wino mwekundu: mhusika huyu anataka nini hasa? Mbona anazungumza kama mtu anayemsaidia jirani yake kumnyang'anya?

Kwa kawaida mikataba hii huachiwa wanahistoria na mawakili. Wanahistoria huuliza nini kilitokea, mawakili huuliza nini kinafungamana kisheria. Yote mawili ni maswali mazuri. Ila kuna swali la tatu ambalo sisi wasomaji wa fasihi tumelizoea, nalo ni dogo tu: nani anasimulia? Nadhani swali hilo linafichua jambo ambalo maswali mengine mawili hulipita haraka, na si jambo la zamani. Kama nitakavyoonyesha, sauti ile ya 1904 ingali inasikika, na siku hizi inazungumza Kiswahili.

Msimulizi asiyeaminika

Tuanze na mambo ya msingi kwa wale wasioijua habari hii. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Uingereza ilitaka walowezi wa kuifanya ilipe, na ardhi iliyoonekana kuwafaa zaidi ilikuwa ile ile ambayo Wamaasai walichungia. Mkataba wa 1904 ukawahamisha kutoka Bonde la Ufa na kuwaweka katika hifadhi mbili: moja Laikipia, kaskazini, na nyingine kusini mwa reli. Kiongozi aliyetambuliwa na serikali alikuwa laiboni Olonana, ambaye Waingereza walimwita Lenana. Kwa upande wa Wapurko, waliokuwa na nguvu kaskazini, jina kubwa ni Parsaloi Ole Gilisho, ambaye katika hati anaitwa Legalishu.

Hati ni ya Kiingereza. Waliotia alama hawakuiandika na hawakuweza kuisoma. Ilisomwa, ikafasiriwa, na mwishoni mwake kuna maneno yanayothibitisha kwamba ilielezwa kikamilifu. Na bado kila sentensi yake muhimu ina kiima kimoja: sisi. Sisi tunaamua, sisi tunaomba, sisi tumeridhika, sisi tunajifunga pamoja na warithi wetu. Serikali, iliyoitisha kikao, iliyoandika hati na iliyokuwa na bunduki, inaonekana humo kama mpokeaji tu wa maombi. Kama ungeisoma hati hiyo bila kujua lolote, ungedhani Kamishna alikuwa amekaa zake Nairobi, ghafla wazee wakaja kumsumbua na ombi la kuhamishwa.

Katika darasa la fasihi tungemwita huyo msimulizi asiyeaminika. Lakini tofauti na riwaya, hapa mwandishi hakutaka tumshuku msimulizi wake. Alitaka tumwamini kabisa, kwa sababu uhalali wote wa hati umesimama juu ya neno moja: hiari. Lugha ya amri ingeleta maswali bungeni London. Lugha ya ombi haileti swali lolote. Nani atamlaumu mtu kwa kumpa mwenziwe alichoomba?

Kwa hiyo kila unapoona neno "hiari" katika hati ya aina hii, jiulize limetoka kinywani mwa nani. Hiari ni neno la ajabu kidogo. Mtu mwenye hiari ya kweli huwa halitaji. Sijawahi kumsikia mtu anayekwenda sokoni akitangaza kwamba anakwenda kwa hiari yake mwenyewe. Neno hilo huandikwa pale ambapo mtu mwingine atakuja kuuliza.

Kidole kinachoonyesha Kinangop

Hata hivyo, sikubaliani na wale wanaoitupa hati yote kama ulaghai mtupu na kumaliza mjadala hapo. Usomaji wa namna hiyo unawafanya wazee wa 1904 kuwa watoto waliodanganywa kwa peremende. Ukisoma kwa utulivu, utakuta mahali ambapo sauti nyingine inapenya.

Baada ya maneno makavu ya mwanzo, hati inaomba barabara yenye maji itakayounganisha hifadhi mbili, ili watu waendelee kuwasiliana. Inaomba kituo cha serikali Laikipia, na maofisa ambao Wamaasai wanawajua na kuwaamini. Kisha inakuja sentensi ambayo kwangu ndiyo sentensi bora katika hati nzima: wabaki na mamlaka juu ya maili tano za mraba, angalau, kwenye miteremko ya Kinangop, mahali watakapopaonyesha Legalishu na Masikonde, ili waendelee kufanya tohara na sherehe zake kwa desturi ya mababu zao.

Ona tofauti. Sehemu ya mwanzo ya hati inazungumza kwa "manufaa", "suala la ardhi", "hifadhi maalumu". Hayo ni maneno ya ofisi. Hapa ghafla tunapata mlima, tunapata majina ya watu wawili, na tunapata kidole kinachonyooshwa: ni pale. Hakuna ofisa wa Kiingereza ambaye angebuni haja hiyo kutoka kichwani mwake. Mtu fulani kikaoni aliisema, akaisisitiza, ikabidi iandikwe. Kwa mstari mmoja, "sisi" ya hati inakuwa "sisi" ya kweli.

Vivyo hivyo na ile barabara. Anayeomba barabara kati ya kaskazini na kusini anajua kwamba kugawanywa ni hatari. Hao hawakuwa watu wasioelewa wanachofanyiwa. Walielewa vizuri sana, wakajaribu kuokoa kilichookoleka ndani ya lugha ambayo haikuwa yao.

Na mwishoni wakaomba jambo kubwa kuliko yote: mpango huo udumu kwa muda wote ambao Wamaasai kama taifa wataendelea kuwepo, na walowezi wasiruhusiwe kuchukua ardhi katika hifadhi hizo. Huo ndio muda wa mkataba. Si miaka, si vizazi. Ni uhai wa watu wenyewe.

Muda huo ulidumu chini ya miaka 7.

Gavana atakavyo

Olonana alifariki Machi 1911. Kumbukumbu za serikali zinadai kwamba akiwa katika hali ya kufa aliwaasa watu wake wa kaskazini watii serikali na wahamie kusini. Mwanafasihi yeyote anaijua mbinu hii. Wosia wa anayekufa ni silaha ya zamani ya msimulizi: maneno hayawezi kuhojiwa, kwa sababu msemaji hayupo tena. Na wosia huu ulitufikia kupitia watu wale wale waliotaka uhamisho huo. Mwezi uliofuata, tarehe 4 Aprili 1911, ukatiwa alama mkataba wa pili chini ya Gavana Sir Percy Girouard. Aliyetajwa kama mkuu wa Wamaasai wote alikuwa Seggi, mwana wa Olonana, aliyekuwa bado mdogo na akishikiwa nafasi na wasimamizi.

Weka hati mbili kando kwa kando, utaona mwandishi amechoka kuigiza. Mwaka 1904 kitenzi kikuu kilikuwa "tunaomba". Mwaka 1911 "sisi" bado yupo, na bado anafanya mambo kwa hiari yake, lakini sasa anakubali kuondoka Laikipia wakati Gavana atakapoagiza, kwa njia atakazozitaja Gavana, kwenda katika eneo atakaloligawa Gavana. Msimulizi amebaki na kazi moja tu, kuitikia. Hiari imebaki kwenye utangulizi. Mwili wote wa hati ni amri.

Na sababu iliyotolewa? Kwamba ni kwa manufaa ya Wamaasai kuishi pamoja katika eneo moja badala ya kutenganishwa katika sehemu mbili. Kumbuka basi kwamba ni serikali iliyowatenganisha mwaka 1904, na ni Wamaasai walioomba barabara ya kuwaunganisha. Barabara haikutolewa kama walivyoomba. Kisha utengano huo huo ukageuzwa kuwa hoja ya kuwatoa Laikipia. Ukiandika kejeli kama hiyo katika tamthilia, watu watasema umetia chumvi.

Kinangop imo pia katika mkataba wa pili. Kifungu kinasema hakuna chochote humo kitakachowanyima Wamaasai haki ya mahali pao pa tohara. Kwa karatasi, kidole cha Legalishu na Masikonde bado kilikuwa kimenyooshwa. Kwa ardhi, Kinangop ikawa nchi ya mashamba ya walowezi.

Uhamisho wenyewe ulianza 1911, ukasimamishwa, ukaanza tena 1912, ukamalizika 1913. Kumbukumbu za kiserikali zinataja watu wapatao 10,000, ng'ombe 175,000 na kondoo zaidi ya 1,000,000, wengi wao wakipitishwa katika milima ya Mau yenye baridi na mvua. Hesabu hiyo inasomeka kwa urahisi. Jaribu tu kuiona njiani.

"Sisi" inapokwenda mahakamani

Hapa ndipo habari inapogeuka kwa namna ambayo shuleni, nchini Kenya na kwingineko, haikusimuliwa vya kutosha. Wamaasai walishtaki. Kesi inajulikana kwa jina la Ol le Njogo na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilisikilizwa Mombasa mwaka 1913, na nguvu nyuma yake ilikuwa Ole Gilisho. Wakili alikuwa Mwingereza, Alexander Morrison. Hoja yao: mkataba wa 1911 haukuwafunga, kwa sababu waliotia alama hawakuwa na mamlaka ya kuwasemea watu wa Laikipia, kwa hiyo ule wa 1904 bado una nguvu.

Kwa lugha yetu: walikwenda mahakamani kupinga msimulizi. Walisema, yule "sisi" si sisi.

Mahakama haikulijibu swali hilo kabisa. Ilisema, na Mahakama ya Rufaa ikaafiki Desemba mwaka huo, kwamba nchi hii ni himaya tu na si koloni, kwamba Wamaasai si raia wa Mfalme bali ni wageni walio chini ya ulinzi wake, na kwamba makubaliano hayo ni mikataba kati ya dola na taifa jingine. Mikataba ya namna hiyo ni matendo ya dola, na mahakama za kawaida haziwezi kuyagusa.

Tulia hapo kidogo. Wamaasai walikuwa taifa kamili la kutosha kutia saini kupoteza ardhi yao. Walipotaka kulalamika, utaifa huo huo ukawa sababu ya kutosikilizwa. Mlango waliopitishiwa kuingia ndio uliofungwa walipotaka kutoka. Shauri halikuendelea mpaka London, na wakati hukumu inasomwa watu walikuwa tayari wamekwisha kuhamishwa.

Miongoni mwa Wazungu waliowatetea alikuwa daktari Norman Leys, aliyeandika barua nyingi kuhusu uhamisho huu, akahamishiwa Nyasaland, na baadaye akachapisha kitabu chake *Kenya* mwaka 1924. Namheshimu. Lakini hata kwa Leys, Wamaasai ni "wao". Ilibidi kusubiri muda mrefu kabla ya kitabu kinachowaweka wasimulizi wa Kimaasai karibu na karatasi za serikali. Kwangu kitabu hicho ni *Moving the Maasai* cha Lotte Hughes, kilichotoka 2006. Ubora wake ni kwamba hakichukulii masimulizi ya wazee kama pambo la kupamba nyaraka. Anaipima kila sauti kwa nyingine. Wapo watakaosema anawaamini wazee mno, wengine kwamba anawahoji mno. Kwangu mimi hiyo ni dalili nzuri.

Miaka 99 ambayo haimo

Sasa tuje kwenye jambo linalozua ubishi kila mara. Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa kwanza, Wamaasai waliandamana Kenya wakidai Laikipia irudishwe. Wengi walisema mkataba ulikuwa wa miaka 99 na muda umekwisha. Serikali ilijibu kwamba hati za wenye mashamba ni za miaka 999. Wataalamu nao wakaongeza, kwa usahihi, kwamba mkataba wa 1904 hauna miaka 99 popote. Miaka 99 ilikuwa muda wa hati walizopewa walowezi, kabla ya sheria ya 1915 kuurefusha kuwa 999.

Kwa herufi, wataalamu wamepatia. Lakini kama wahakiki hatuwezi kuishia kwenye "wamekosea". Tunaposoma ngano na kukuta toleo la simulizi limebadilisha kitu, tunauliza: badiliko hili linafanya kazi gani?

Naona linafanya kazi mbili. Kwanza, linaigeuza ardhi kutoka iliyotolewa kuwa iliyoazimwa. Kitu kilichoazimwa kina mwenyewe, hata kikikaa kwa jirani miaka mingi. Pili, na hili ndilo linalonigusa zaidi, toleo la simulizi ni la upole kuliko hati. Hati ilisema mpango udumu maadamu Wamaasai wapo, na mpango ukavunjwa ndani ya miaka 7. Masimulizi yanampa Mwingereza miaka 99, yanamngojea amalize, ndipo yanabisha hodi. Eti hao ndio wasioheshimu mikataba?

Simaanishi kwamba kumbukumbu ishinde karatasi mahakamani. Ukienda mbele ya hakimu na miaka 99 utashindwa, na aliyekushauri hivyo hakukutakia mema. Nasema tu kwamba watu walionyimwa nafasi ya kuandika "sisi" yao waliitunga kwa mdomo, na utungo huo unastahili kusomwa kwa makini ile ile tunayoipa hati ya Sir Donald Stewart. Tena hawakungoja hadi 2004. Mwaka 1962 ujumbe wa Wamaasai ulikuwa London, kwenye mkutano wa Lancaster House uliojadili katiba ya Kenya, na ulilileta suala la mikataba hii mezani. Ardhi haikurudi.

Hati moja, lugha moja

Kuna mfano wa mbali unaosaidia kuona kilichokosekana. Huko New Zealand, tarehe 6 Februari 1840, machifu wa Wamaori walianza kutia saini Mkataba wa Waitangi. Mkataba ule una matini mbili. Ile ya Kiingereza inasema machifu wanampa Malkia mamlaka yote ya utawala. Ile ya Kimaori, iliyotafsiriwa na mmisionari Henry Williams pamoja na mwanawe, inatumia neno *kawanatanga*, lililoundwa kutokana na *kawana*, yaani gavana. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapo. Sisi pia tulilichukua neno lile lile, na tungesema "ugavana". Machifu walikubali ugavana. Walibakiziwa *rangatiratanga*, mamlaka yao ya uchifu. Machifu karibu 540 walitia saini, na wengi mno walisaini matini ya Kimaori.

Kwa sababu matini mbili zipo, Wamaori wana pa kusimama. Baraza la Waitangi, lililoundwa 1975, lina kazi ya kuzisoma zote mbili, na mwaka 2014 lilitamka kwamba machifu wa kaskazini waliosaini 1840 hawakuitoa enzi yao. Uhakiki wa neno moja ukawa hoja ya kitaifa.

Wamaasai walitia alama hati ya Kiingereza. Hakuna *kawanatanga* ya Kimaasai ya kuweka juu ya meza, ya kusema: tazameni, neno tulilosikia ni hili. Maneno yaliyosemwa Naivasha na Nakuru kwa vinywa vya wakalimani yalikwenda na upepo. Pengo hilo ndilo masimulizi ya wazee yanajaribu kuliziba.

Hiari kwa Kiswahili

Nilisema sauti ile bado inasikika. Vuka mpaka uje Tanganyika, mwaka 1958. Serikali ya kikoloni inataka Serengeti iwe hifadhi isiyo na watu. Wazee 12 wa Kimaasai wanatia alama hati. Imeandikwa katika nafsi gani? Sisi. Sisi tunaelewa kwamba hatutakuwa tena na haki ya kuvuka mstari huu; sisi tunakubali kuondoka na mifugo yetu kabla ya mwisho wa Desemba 1958. Koloni tofauti, miaka 54 imepita, na msimulizi ni yule yule. Kwa malipo walibakishwa Ngorongoro, na mwaka 1959 Gavana akawaahidi kwamba maslahi ya wanyama na ya wakazi yakigongana, ya wakazi yatatangulia.

Kuanzia Juni 2022 familia kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema tangu mwanzo kwamba watu wanahama kwa hiari, wanapewa nyumba na mashamba, na kwamba idadi ya watu na mifugo imeizidi hifadhi. Wakazi wengi na watetezi wa haki wamepinga, wakisema huduma zilipunguzwa hadi kubaki kukawa kugumu. Sina nafasi hapa ya kuumaliza ubishi huo, na sidai kwamba kila aliyehama alilazimishwa. Wapo waliotaka kwenda, na kuwanyima hiari yao nako ni kuwasemea.

Ninachokisikia mimi kama msomaji ni neno. "Kwa hiari." Mwaka 1904 liliandikwa kwa Kiingereza na mtu aliyetaka ardhi. Leo linatangazwa kwa Kiswahili, lugha yetu sote, lugha ya hadithi na mashairi tunayoyapenda. Na swali la uhakiki halijabadilika hata kidogo: nani analitamka? Anayehama, au anayehamisha?

Wakati huo huo, "sisi" nyingine imejifunza njia ya mahakamani. Tarehe 26 Mei 2017, jijini Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafukuza katika msitu wa Mau, milima ile ile ambayo ng'ombe wa Laikipia walipitishwa. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya jumla ya shilingi za Kenya 157,850,000, na ardhi yao ya asili itambuliwe. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua. Lakini soma mantiki yake pembeni mwa ile ya 1913. Kule, kuwa watu wenye utambulisho wao kulikuwa sababu ya kufungiwa mlango. Hapa, ndiko kulikoufungua.

Hata sheria ya Kenya imeacha ufa. Tume ya Taifa ya Ardhi ilipewa mamlaka ya kupokea malalamiko ya dhuluma za kihistoria zilizotokea kati ya tarehe 15 Juni 1895 na 27 Agosti 2010. Mikataba yote miwili ya Wamaasai imo ndani ya tarehe hizo.

Natamani siku moja mwandishi wa Kiswahili aichukue kesi ya Ol le Njogo na kuifanya tamthilia. Asihangaike na vumbi na mikuki, filamu zimetuchosha kwa hayo. Aweke chumba cha mahakama Mombasa, wazee waliosafiri kutoka bara, wakili wa Kiingereza, mkalimani, na hati juu ya meza. Kisha mkalimani aanze kuisoma kwa sauti: "Sisi, kwa hiari yetu wenyewe..." Na mzee mmoja ainuke na kuuliza, kwa heshima zote, ni akina nani hao.